Tawi Ulilonilazia Njiani

Dada yangu Nyamizi, wa huko Sikonge,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Ulipotoka kwenye kundi letu la ramani, mapacha walikuwa bado wanalala chali kutwa nzima wakitazama dari. Sasa Kulwa anatambaa mpaka jikoni kutafuna mkaa, na Doto anasimama akishika kiti. Huo ndio muda niliokaa kimya. Barua hii nimeianza mara nyingi. Mmoja analia, naiacha, nikiirudia nakuta maneno yamepoa kama chai. Lakini nisijifiche nyuma ya watoto. Wenye watoto wanaandika kila siku. Mimi nilikuwa naogopa.

Naiweka hapa peupe, kwenye ukurasa wetu ambapo wachoraji wote wanasoma, kwa sababu namba yako haipatikani, na kwa sababu zipo shukrani nilizopewa mimi mbele ya watu wakati zilikuwa zako. Kitu ulichopokea mbele ya watu hukirudishi kwa mlango wa uani. Kaka Maganga wa Nzega, msimamizi wetu, ameahidi kuichapa na kumpa utingo wa basi la Sikonge akufikishie mkononi. Jina la kijiji chenu sitalitaja. Hilo nimeshajifunza, ila aliyeumia nikiwa najifunza ni wewe.

Wapo wanaosoma hapa ambao hawakukuta mwanzo wetu, basi nikukumbushe na wao wasikie. Sisi ni watu wa kujitolea. Tunachora ramani ya bure mtandaoni, njia, visima, vivuko, zahanati, ili dereva wa gari la wagonjwa akiitwa ndani huko asipotee na mgonjwa. Mmoja anachora akitazama picha iliyopigwa kutoka angani, mwingine aliye mahali penyewe anasema hiki ni nini na kinaitwaje. Mimi nilikuwa wa kutazama picha. Nilikuwa hapa Cheyo, Tabora mjini, mimba ya mapacha imenilaza, miguu imevimba kama viazi, baba yao yuko kazini kwenye reli, na nilichokuwa nacho ni simu na dirisha. Wewe ulikuwa wa mahali penyewe, una baiskeli, na msitu wa miombo ambao baba yako ametundika mizinga yake ya nyuki tangu hujazaliwa. Tukapewa kipande kimoja, wewe na mimi: pale ile njia ya zamani ya wapagazi inapotoka huku Tabora kuelekea kwenu.

Unakumbuka barabara yangu ya kwanza? Nilichora barabara pana, nyeupe, yenye kona za kupendeza, nikajipongeza. Ukanitumia ujumbe wa sauti, jogoo anawika nyuma yako.

"Mdogo wangu, mwangaluka. Umeamkaje na huo mzigo wako? Haya. Hiyo barabara uliyochora, mimi nimevua kambare humo. Ni mto huo. Kiangazi unabaki mchanga. Ukimleta dereva hapo masika, utamzika."

Kaka Maganga akadakia kwenye kundi: "Watu wa mjini bwana! Njia wanayoijua ni ya kwenda sokoni tu!"

Ukamjibu, "Na wewe wa Nzega nyamaza, nyie hata mto hamna, mna mavumbi." Nikacheka hadi mapacha wakanipiga teke, wote wawili.

Nilichokipenda siku ile ni kwamba ulinisalimia kwanza. Hukuwahi kumsahihisha mtu kabla ya kumsalimia. Wengine kwenye kundi walikuwa wanaandika "umekosea, futa". Wewe uliuliza umeamkaje, umekula, watoto wanachezaje tumboni, ndipo ukamwambia mtu kwamba amechora kichuguu akidhani ni nyumba. Taratibu watu wote wakaiga. Leo mgeni akiingia kundini anashangaa kwa nini wachora ramani wanapeana shikamoo. Hajui kwamba ni wewe.

Halafu nikajifungua. Sikuaga mtu, uchungu haukunipa nafasi. Kipande chetu kilikuwa na utaratibu: ukikaa muda bila kukigusa, anapewa mwingine. Nilipopata nguvu ya kushika simu tena, mmoja huku na mmoja kule wananyonya, nilifungua nikijua nimeshanyang'anywa. Nikakuta visima vyote vya upande wangu vimechorwa. Kila kisima kina maneno yako chini yake: "Kwa niaba ya mzazi." Kila kimoja, dada. Ulivifuata kwa baiskeli, kimoja kimoja.

Nikakuuliza, kwa nini umejitesa hivyo?

"Kwani kwenu mzazi anachota maji? Angekuwa jirani yangu ningembebea ndoo. Yuko mbali, nimembebea visima. Nyonyesha, lala."

Nililia. Siku zile nililia kwa kila kitu, hata kwa uji kumwagika, lakini kilio kile nakijua kilikuwa cha nini. Nilikuwa na nyumba imejaa nguo za watoto zisizokauka, mama yangu mbali, mume wangu anapiga simu mtandao unakatika, na mtu nisiyewahi kumwona uso amenichotea maji.

Uso wako niliuona mara moja tu. Ulikuja Tabora na basi la asubuhi, ukashuka stendi na dumu la asali kwenye kapu, na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, imefungwa kwenye kitenge. Nikakutambua kwa sauti. Ulikuwa unagombana na mpiga debe aliyekuvuta kapu. "Liachie, hilo lina nyuki ndani!" Akaliachia kama moto. Kisha ukageuka ukanitazama juu hadi chini.

"Wewe ndiye Mama Kulwa? Mbona kadogo hivi? Kwenye ramani unatembea kama mtu mwenye miguu mirefu."

Tulikaa kwenye benchi ya mama muuza chai mpaka basi lako la kurudi likapiga honi. Doto akalala kifuani kwako, akakutemea maziwa, ukasema hiyo ndiyo asante ya kweli, nyingine ni maneno. Na hapo ndipo uliponiambia habari ya tawi. Kwamba babu yako alisimuliwa na babu yake, aliyebeba mzigo kwenye hiyo njia yetu: msafara ukiwa mrefu, wa mbele hawawaoni wa nyuma. Njia ikigawanyika, aliyetangulia anakata tawi lenye majani na kulilaza juu ya ile isiyopitwa. Hasimami kusubiri, wala hapigi kelele. Wa nyuma akifika na mzigo kichwani analiona tawi, anajua. Hamjui aliyeliweka, pengine hatamwona mpaka mwisho wa safari, lakini anamwamini.

"Na anayeruka tawi je?" nikauliza.

"Huyo hapotei peke yake," ukasema. "Wa nyuma yake wote wanamfuata."

Tukalileta tawi kwenye ramani. Njia ikiwa si njia, hatukuifuta kimya kimya. Tulilaza tawi, maana yake tuliandika juu yake neno hilo na sababu, ili anayekuja nyuma asiichore upya. Kaka Maganga akalipenda, vipande vyote vikalipokea. Matawi yakajaa kutoka Nzega hadi kwenu.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Ile wiki mapacha walikuwa na homa, wote wawili. Nilikuwa nimekaa na simu mkononi mchana, nusu macho, nusu usingizi. Nikaona ndani ya msitu, ng'ambo ya mto, vijinjia vyembamba kama nyuzi, vinaingia kwenye miti na kuishia mahali pasipo na nyumba. Nikavichora vyote. Nikafurahi, nikasema leo na mimi nimepata kitu. Kesho yake nikakuta matawi. Juu ya kila uzi umeandika: "Tawi. Hapa hapapiti mtu."

Nami niliona panapita mtu. Niliona kwa macho yangu, kwenye picha. Na kanuni yetu ilisema kinachoonekana kichorwe. Moyoni nikasema, dada naye amezidi, anadhani msitu wote ni wake. Nikayaondoa matawi yako. Sikukusalimia. Niliandika tu: "Njia ipo, naiona."

Ukajibu: "Unaiona, mdogo wangu. Lakini si yako kuionyesha."

Sikukuuliza maana yake. Ningeuliza ungeniambia. Ukayalaza tena, nikayaondoa tena, na toleo lile ndilo watu walilopakua kwenye simu zao. Mpaka leo nikikumbuka kidole changu kilivyogusa kile kioo, natamani ningekuwa nimemgusa mtoto paji la uso badala yake.

Zilikuwa njia za mizinga. Najua sasa. Najua kwamba kwenu njia ya mizinga haionyeshwi hata kwa kidole. Kwamba baba yako akimchukua mgeni kwenda kulina asali humzungusha kwanza msituni, ili mgeni akirudi asijue alipopita. Mtu wa hapo asingehitaji kuambiwa. Mimi nilikuwa juu, angani, na juu hakuna adabu. Unaona kila kitu na hujui cha nani.

Kaka Maganga ndiye aliyenipa habari, kwa sauti isiyo na mzaha hata chembe. Kwamba watu walikuja na pikipiki, simu mkononi, wakafuata uzi mmoja baada ya mwingine. Hawakulina. Walichoma mizinga, wakachukua walichoweza kubeba, wakaacha nyuki wamekufa chini ya miti. Na kwamba baba yako aliwauliza watu wa nyumbani, "Nani amemwonyesha mgeni mlango wa nyuki?" nawe ukasema, "Ni mimi, baba."

Haikuwa wewe, dada. Naandika hapa wasome wote, na naomba baba yako asomewe sehemu hii hata kama hataki kusikia nyingine: haikuwa Nyamizi. Nyamizi alilaza tawi mara mbili. Aliyeliruka ni mimi, Mama Kulwa wa Cheyo.

Siku hiyo hiyo ukafuta kila ulichowahi kuchora, ukatoka kundini bila kuaga. Nilipofungua, kipande chetu kilikuwa kimekuwa cheupe kama shuka. Visima vimekwenda. Majina yamekwenda. Na njia ya kwenda zahanati nayo imekwenda.

Hapo, dada, nitasema neno moja kwa heshima zote, maana ukinipenda utalipokea. Mizinga ulikuwa na haki ya kuificha. Kunikasirikia, una haki hadi leo. Lakini njia ya zahanati haikuwa yangu wala yako. Ile ni ya mwanamke ambaye hatumjui, amelala kwenye mkeka, mumewe ana simu mkononi. Hiyo hukupaswa kuiondoa. Mimi niliruka tawi kwa kiburi. Wewe ulilaza tawi juu ya njia njema kwa uchungu. Nilikuwazia mabaya kwa ajili hiyo siku mbili hivi, halafu nikakuwazia mema, maana ulikuwa umefiwa na nyuki.

Ramani inakumbuka. Ukijua pa kubonyeza, unarudisha kilichofutwa. Kwanza nikaondoa nyuzi zangu za msituni zote, nikalaza matawi. Kisha nikarudisha visima vyako na njia ya zahanati, nikisikiliza upya sauti zako za zamani, zile zenye jogoo, nipate uhakika wa kila kona. Ilinichukua siku kadhaa, na mtoto mgongoni. Lakini ramani ina tabia moja mbaya: inaonyesha jina la aliyegusa mwisho. Kwa hiyo visima ulivyovichota wewe vikasomeka Mama Kulwa. Njia uliyoiendesha baiskeli wewe ikasomeka Mama Kulwa.

Na ndipo gari likaitwa. Kijiji cha mbele ya kwenu, mama wa mimba ya tatu, mtoto amekaa vibaya. Dereva alikuwa mgeni, hajawahi kufika huko. Akafuata ramani, akaacha ule mto wangu wa kambare, akapinda pale kwenye mkuyu ambapo ulikuwa ukimwambia kila mtu apinde, akafika kungali na jua. Mama mzima. Mtoto mzima, wa kike. Dereva akaandika kwenye ukurasa huu kushukuru waliochora, akataja jina lililokuwepo.

"Hongera Mama Kulwa!" "Mama Kulwa umeokoa watu wawili!" "Ukija Nzega tunakuchinjia mbuzi!" Hiyo ya mwisho unajua ni ya nani.

Nami nikajibu: "Asanteni sana ndugu zangu."

Wiki mbili nilinyamaza na sifa yako mfukoni. Nilikuwa nimechoka, dada, na hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hongera kwa muda mrefu. Kufua hakuna anayekupongeza. Nililipokea neno lile kama mtu mwenye njaa anavyopokea sahani bila kuuliza ya nani. Siku ya kumi na nne Doto alinitemea maziwa begani, nikakumbuka benchi ya mama muuza chai.

Basi narudisha. Ndugu zangu wote mnaosoma, aliyemfikisha yule dereva ni Nyamizi wa Sikonge. Mimi nilirudisha tu kilichokuwa chake. Mbuzi wa Nzega ni wake.

Ukitaka kujua tunaishije bila wewe: kaka Maganga hana wa kumtania, anatania mwenyewe na kujijibu. Tumeweka kanuni mpya, na hatukuipigia kura, kila mtu alisema ndiyo: njia nyembamba inayoishia msituni pasipo na nyumba haichorwi mpaka mtu wa mahali hapo aulizwe, na aulizwe baada ya kusalimiwa. Watu wanaiita tawi la Nyamizi. Na mimi kila asubuhi, mapacha wakishashiba na kabla hawajaanza vita, nafungua kipande chetu nitazame msitu wa ng'ambo ya mto. Kuna watu wa mbali wanaochora wakiwa hawajui. Mara tatu nimekuta nyuzi zimerudi. Mara tatu nimezisalimia, nimezilazia tawi, na nimewaandikia waliochora, nao wameelewa. Siwezi kumrudishia baba yako nyuki. Ninachoweza ni kukaa mlangoni.

Nakukumbuka kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza kumkumbuka mtu aliyemwona mara moja. Doto akikohoa namsikia jogoo wako. Nikichota maji bombani nakuona juu ya baiskeli. Sikuwa na dada, mimi ni wa mwisho kwetu. Ulipoanza kuniita mdogo wangu niliitika tu, nikadhani ni adabu ya maneno. Haikuwa adabu. Asante kwa visima. Asante kwa mto. Asante kwa tawi, la kwanza na la pili, hata kama niliyaruka yote mawili.

Kaa salama, dada. Msalimie baba, mwambie shikamoo yangu anaweza kuikataa, nitaituma tena. Nami nisimalizie kwa machozi, maana masika yako njiani na kipande chetu hakijaisha. Haya ndiyo ninayohitaji uniletee, kwa barua, au kwa mdomo wa utingo, au kwa njia utakayoona:

Majina ya vivuko viwili vya chini ya kijiji, na kipi kinajaa kwanza mvua zikianza, dereva asije akakwama na mgonjwa.

Kile kisima cha karibu na shule: maji yake bado ni ya chumvi, au walichimba kingine?

Upande gani mwingine wa msitu niuache mtupu. Usiniambie kuna nini. Niambie tu mwanzo na mwisho, nitauacha mweupe.

Neno la baba yako, hata kama ni la hasira. Lije kama lilivyo, usilipunguze.

Sauti yako, hata maneno mawili, na jogoo asifukuzwe.

Na mwisho, njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni kwenu. Hiyo usiichore. Mwambie utingo kwa mdomo, naye atanieleza kwa mdomo: napinda wapi, nahesabu miti mingapi, naita hodi upande gani. Nitaishika kichwani, nitakuja na watoto wawili, na nikirudi sitamwonyesha mtu.

Mimi mdogo wako, yule mzazi uliyemchotea,
Mama Kulwa na Doto,
Cheyo, Tabora